Shati Lenye Ncha ya Pasi

Ilikuwa mwaka 2009, mwishoni mwa msimu wa mvua, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, Fundi Mkuu alipoliunguza kwa makusudi shati jeupe la mwanafunzi asiyemjua. Katika miaka thelathini na mmoja ya ushonaji hakuwa ameharibu hata mkono wa blauzi. Shati hilo moja aliliharibu kwa nia njema, na nia hiyo njema ndiyo iliyomtafuna moyo miaka minne iliyofuata.

Karakana yake ilishona sare za shule. Ilikuwa na vyerehani sita, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na meza ya pasi karibu na dirisha. Mambo yalikwenda kwa taratibu zake. Mikasi ilitundikwa kwa ukubwa, na shati lililopigwa pasi lilitandikwa namna moja tu, kola upande wa dirisha. Fundi Mkuu mwenyewe alisomeshwa na walimu wa rula. Walimchapa mkono wa kushoto mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia. Lakini mkasi na pasi, ambavyo hakuna mwalimu aliyevisimamia, aliendelea kuvishika kwa mkono wa kushoto. Hata hivyo aliamini kwamba tabia mbaya hufumuliwa kama mshono mbaya, mara moja na bila huruma.

Binti wa mdogo wake, aliyemwita mama mkubwa, aliingia karakana akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na mkono ulionyooka. Alikata kitambaa bila kuchora kwa chaki, na vipande vikalingana. Fundi Mkuu hakumsifu, maana hakuzoea kusifu, lakini moyoni alikwisha kumkabidhi meza ya kukatia siku atakapostaafu.

Taabu ilianza saa ya kufunga. Pasi ya mwisho ilikuwa zamu ya binti huyo. Aliichomoa, akauweka mwisho wa waya juu ya meza mahali pa kuonekana, akaugusa uso wa pasi kwa kiganja na kuhesabu hadi nane. Alifunga mlango, akatembea hadi kona ya fundi viatu, kisha akarudi. Mwanzoni alirudi mara moja. Mwaka ule alikuwa akirudi mara saba.

Wenzake walimwita Askari wa Pasi.

"Haya, lindo limeanza!" alipiga kelele Babu Vifungo, mzee aliyeshona vifungo pembeni. "Mwanangu, iambie hiyo pasi ikuoe, muache kuagana kila jioni!"

Wote waliangua kicheko. Binti naye alicheka, kisha akarudi kuitazama.

Jioni moja Fundi Mkuu alimngoja mlangoni.

"Umeona imezimwa?"

"Nimeona, mama mkubwa."

"Umeigusa?"

"Nimeigusa. Imepoa."

"Sasa unarudi kufanya nini?"

Binti alitazama viatu vyake. "Macho yameona, ila moyo umekataa. Nikifika pale konani naona moshi. Naona mlango umeshika moto na watu wako ndani. Najua ni upuuzi, mama mkubwa. Lakini kujua hakunisaidii."

Katika maneno hayo yote Fundi Mkuu alisikia neno moja tu, upuuzi. Mengine aliyasikia baadaye, yalipokuwa hayana kazi tena.

Alhamisi ya wiki hiyo, binti alipokwisha kuichomoa pasi, Fundi Mkuu alimnyang'anya funguo. "Leo nafunga mimi. Nyoosha njia uende nyumbani, na usigeuke."

Alipobaki peke yake aliichomeka pasi, akatandika shati jeupe, kola upande wa dirisha, akaikandamiza mpaka harufu ya pamba inayoungua ikapanda. Hesabu yake ilikuwa fupi: msichana akiliona jambo analoliogopa limekwisha kutokea na dunia haikuanguka, atajicheka mwenyewe na kupona.

Asubuhi alimwita mbele ya watu wote.

"Njoo uone. Jana uliiacha pasi imechomekwa, nami nilifunga bila kutazama. Shati limeungua, karakana imesimama. Umekufa? Hujafa. Basi, mchezo wako uishe leo."

Hakuna aliyecheka. Binti alilichukua shati, akalitandika juu ya meza, akalitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kilifuata alama ya kahawia mpaka kwenye ncha.

"Hii ncha..." alisema.

"Ncha imefanya nini?"

"Hakuna kitu, mama mkubwa. Kwa hiyo ni kweli."

"Kweli ipi?"

"Kwamba macho yangu si ya kuaminiwa."

Kesho yake hakuja kazini, wala keshokutwa. Fundi Mkuu alilitia lile shati kwenye mtoto wa meza na kuwaambia mafundi kwamba msichana amesusa, atachoka. Hakuchoka. Nyumbani kwao aliacha kwanza kugusa pasi, kisha jiko, kisha swichi za taa. Mdogo wake Fundi Mkuu alikuja siku moja akakaa kwenye kigoda cha wateja, mkoba magotini.

"Dada, mtoto wangu hapiki tena hata chai. Redio anaichomoa, halafu anakaa kuitazama asubuhi nzima. Tukimwambia imezimwa anatulia kidogo, kisha anauliza upya. Tumejibu mpaka sauti zimekauka. Kwani siku ile kulitokea nini hapa kwako?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Fundi Mkuu alishika futi yake ya kupimia, akaikunja, akaikunjua.

"Aliacha pasi ikiwaka," alisema. "Basi."

Uongo wa kwanza aliweza kuuita tiba. Huu wa pili hakuupatia jina.

Miaka ilipita hivyo, mingi kuliko alivyodhani angeweza kuvumilia, hadi mdogo wake alipompeleka binti hospitali kwa mshauri wa magonjwa ya akili, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Mshauri aliomba jamaa wa karibu nao waje. Fundi Mkuu alivaa gauni lake la heshima, akakaa wima kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Huu ni ugonjwa," mshauri alisema. "Si ukaidi, si uvivu, wala hakurogwa. Wazo la kutisha linamwingia mtu bila kubisha hodi. Anafanya tendo fulani ili hofu ishuke, nayo inashuka, lakini kwa kitambo tu. Akili inajifunza kwamba tendo lile ndilo lililomwokoa, na kesho inalidai tena, mara nyingi zaidi. Nanyi mkimjibu kila saa kwamba imezimwa, mnaulisha ugonjwa bila kujua."

"Basi anyimwe hilo tendo," Fundi Mkuu alisema upesi, kama anayetafuta kujitetea.

"Kumnyima hapana, mama. Anajinyima mwenyewe, kidogo kidogo, kwa hiari yake, nasi tuko naye mpaka hofu ipungue yenyewe. Na jambo moja halina mjadala: aliye karibu naye asimdanganye. Mtu huyu tayari anayashuku macho yake. Akidanganywa, ashike wapi?"

Siku ile pia Fundi Mkuu aliondoka na neno lake kinywani. Alilitoa safari ya tatu, kwenye benchi la korido, wakiwa wawili wakingoja zamu yao.

"Mwanangu, lile shati nililiunguza mimi. Wewe pasi uliichomoa."

Binti hakushtuka. Hilo ndilo lililomuumiza Fundi Mkuu zaidi.

"Niliona," alisema taratibu. "Kola ilikuwa upande wa dirisha, na ncha ya alama ilielekea kulia. Mimi napiga pasi kwa mkono wa kulia. Ncha yangu huelekea kushoto. Karakana nzima mwenye kupiga pasi kwa mkono wa kushoto ni mmoja."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Macho yangu yalisema hivi, wewe ukasema vile. Na wewe hukuwahi kukosea hata kifungo. Nikakuamini wewe."

"Nisamehe," Fundi Mkuu alisema, neno ambalo kinywa chake kilikuwa kigeni nalo.

"Nimesikia. Lakini mama mkubwa, uliniambia mbele ya watu. Hapa tuko wawili."

Kuanzia hapo Fundi Mkuu alikwenda nyumbani kwa mdogo wake kila Jumapili. Zoezi alilopewa binti na mshauri lilikuwa kuzima jiko mara moja, kufunga mlango wa jikoni na kukaa nje kwenye ngazi. Binti aliugeukia mlango kila mara.

"Mama mkubwa, limezimwa?"

Fundi Mkuu aliuma midomo. Wakati wa kumwambia ukweli alikuwa amemwambia uongo, na sasa ukweli alikuwa nao mkononi, bali dawa ilikuwa kunyamaza. Alimshika mkono tu. Nusu saa ilipita, pengine zaidi, mpaka binti akaacha kuugeukia mlango.

Mwezi wa tatu wa mazoezi binti alikuja karakana. Hakuja kurudi kazini. Meza ya kukatia ilikuwa na mtu mwingine, na binti alikwisha kusema kwamba hataki tena kusimama karibu na dirisha lile. Alisimama karibu na mlango.

"Zimeni vyerehani," Fundi Mkuu aliamuru. Vikazimwa. Babu Vifungo akaweka sindano chini.

Alifungua mtoto wa meza, akatoa shati, akalitandika, kola upande wa dirisha. Akaweka juu yake pasi baridi kwa mkono wa kushoto, ikakaa ndani ya alama kama mguu ndani ya kiatu chake.

"Shati hili nililiunguza mimi, kwa makusudi," alisema, na sauti yake ya kuamuru ikampotea. "Nikamsingizia huyu mbele yenu, nanyi mkaniamini."

"La!" Babu Vifungo alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Fundi Mkuu aliinua pasi. "Njoo utazame, mwanangu. Utuambie unaona nini."

Binti alikaribia polepole. Kidole kilifuata alama mpaka kwenye ncha.

"Imeelekea kulia."

"Imeelekea kulia," Fundi Mkuu aliitikia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa fundi wa mwisho. "Tangu siku ile macho yako yalikuwa sahihi. Nayarudisha kwako, mbele ya hawa hawa."