Tazama Uso Wake

Clémentine alikuwa akiigusa ile anwani ya ukurasa wa mtandao kwa kidole, juu ya kioo cha simu yake, tena na tena, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Haifunguke, kaka Selemani," aliniambia.

Alikuwa msusi, Mkongomani wa Bukavu, jirani yangu pale Jules Street, mtaa wa Malvern, nilikokuwa na duka la kutengeneza kompyuta. Mdogo wake, Héritière, alitoka asubuhi moja kwenda kusafisha ofisi Randburg. Kazini hakufika, nyumbani hakurudi. Polisi waliandika maelezo, wakanyamaza. Mimi nilikuwa na programu niliyoiunda mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani, ya kutuma barua pepe kwa watu wengi kwa mpigo. Tukaandikia makanisa, misikiti, hospitali. Mwishoni niliweka anwani ya ukurasa wenye picha za Héritière.

Lakini programu ilituma maandishi matupu. Anwani ilifika nyeusi, ndefu, imekufa. Nani ana subira ya kuinakili kwa ajili ya mtu asiyemjua?

Nilihangaika nayo kutwa. Nikaifundisha programu kutuma barua za HTML, nikaizungushia anwani alama za kuifanya ibofyeke, na badala ya ule mkururo wa herufi nikaweka maneno aliyoyachagua Clémentine: Tazama uso wake. Tulipojitumia barua ya majaribio, maneno yalikuja ya buluu, yamepigiwa mstari. Akabofya. Héritière akatokea, ana gauni la njano, amekunja uso kwa jua.

Clémentine aliketi. "Sasa watamuona," alisema.

Tukatuma upya. Siku za mwanzo ukurasa ulifunguliwa na watu wachache. Kisha ikawa mara moja tu kwa siku, kila asubuhi, bila kukosa. Nikaanza kuamini kuna mtu mahali fulani anayejua jambo na anaogopa kusema. Nilikwenda saluni mbio kumwambia.

Alikuwa anamsuka mteja. Hakuinua macho.

"Huyo njo mimi, kaka. Kila asubuhi niko nafungua, mbele ya kuja kazi."

Mteja alitazama sakafu.

"Usifute ule ukurasa," aliongeza. "Acha ukae."

Miaka imepita. Duka sina tena, na Clémentine amehamia mtaa wa Berea. Makanisa yaliomba, hospitali moja ilijibu kwamba haina mgonjwa wa jina hilo. Ukurasa nimeuacha ukae.

Mwezi uliopita niliona haujafunguliwa siku kadhaa. Nikampigia. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nilikuwa mgonjwa, kaka. Hata kuinuka nilishindwa."

Nilimwambia apumzike, asijali. Tulipokata simu niliufungua mimi ule ukurasa, nikautazama mpaka kioo kikazima.