Siku Pikipiki Ziling'aa Kupita Kiasi

Aldemar alikuwa mume mwema, na matata yote ya asubuhi ile yalitokana na wema wake. Aliamka kabla ya kuku, akachemsha kahawa ya sukari guru, akatoka uani na matambara yake na kopo la mafuta ya kupuliza, akaanza kuing'arisha pikipiki ya mkewe. Ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mlinzi wa madereva, na pale mjini Cuchilla siku hiyo kila chenye magurudumu hubarikiwa: malori, magari ya jeep, pikipiki, hata toroli la muuza maparachichi. Padri hupita na kifagio chake akirusha maji ya baraka, na watu wanaamini, wala usiwaulize wamelisoma wapi, kwamba Bikira hakitazami chombo chenye sehemu iliyofifia. Basi watu hung'arisha mpaka wanapitiliza. Mwaka juzi kuna bwana aling'arisha kiti, pikipiki ikaondoka, mkewe akabaki ameketi barabarani na shada lake la maua.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Deyanira, mwanamke pekee aliyebeba abiria katika kijiwe kizima cha Cuchilla. Kila Jumamosi, akishafua, huisimamisha kwenye stendi kubwa hapo uani, akaisugua cheni kwa mswaki mkuukuu uliochovywa mafuta ya taa, akaipangusa, akaitia oili kidogo kidogo huku akizungusha tairi la nyuma kwa mkono. Kisha huinyanyua cheni kwa kidole, aone inacheza kiasi gani. Kazi hiyo hampi fundi, hampi mume. Wiki iliyopita alikuwa amefunga pedi mpya za breki ya mbele kwa ajili ya sikukuu, na zile za zamani, ambazo bado zilikuwa na nyama, akazitia ndani ya kopo la kahawa. Aldemar alimcheka sana. Alisema mwanamke huyu hatupi kitu, hata siku ya kuzikwa atataka aondoke na misumari yake iliyopinda.

Na mwaka huu Deyanira alikuwa na sababu ya kuhangaika. Desturi ya pale ni kwamba sanamu ya Bikira hushushwa kutoka kanisa dogo la juu hadi uwanja wa chini, mikononi mwa mama anayeitunza, na madereva hupiga kura nani ambebe. Miaka nenda miaka rudi kura ilimwangukia bwana Gilberto na jeep yake. Safari hii jina lililotoka kwenye kofia lilikuwa la Deyanira. Wanaume wa kijiweni walicheka kwanza, kisha wakaanza kuulizana kama kofia ilitikiswa vizuri. Yeye moyoni aliitaka siku hiyo kama mtoto anavyotaka viatu vipya.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Mtunza sanamu ni mama mkwe wake, Mama Eduvigis, anayekaa nyumba ya pili, ua mmoja. Bibi huyo hakuwahi kupanda pikipiki maishani, na tangu Deyanira aolewe alikuwa hamwiti jina wala mwanangu. Alimwita "dereva", kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya chungwa. Alikuwa amekubali kwa shingo upande, baada ya Aldemar kumbembeleza wiki nzima, na akaweka sharti lake wazi: akiona kasoro moja tu, anaingia kwenye jeep ya Gilberto na Bikira wake, na habari imekwisha.

Deyanira alitoka uani amevaa gauni la kahawia, rangi ya Bikira, nywele zimefungwa utepe. Akaiona pikipiki inavyometameta, akacheka, akambusu mumewe shavuni. Akashika usukani, akaanza kuisukuma akitembea kando yake kushuka kile kiteremko cha saruji kinachoelekea getini. Kama kawaida yake akabana breki ya mkono, ile ya mbele.

Pikipiki haikuwa na habari. Akabana tena kwa nguvu zote, nayo ikazidi kushika kasi, ikamburuta katikati ya kamba ya nguo, ikamvika shuka kichwani, ikaenda kutulia ndani ya vyungu vya maua ya mama mkwe. Na mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi papo hapo na Bikira mapajani, aliyemchukua kanisani kuja kumpamba, akimfunga utepe.

Mama Eduvigis hakupiga kelele. Aliitazama begonia iliyovunjika, akamtazama mkamwana wake aliyekuwa anajitoa kwenye shuka.

"Niitieni Gilberto," akasema.

Aldemar akaruka kuitetea pikipiki, kwamba ni umande tu. Deyanira alikuwa amekwisha chuchumaa mbele ya tairi. Akapitisha kidole kwenye diski ya breki, akakinusa.

"Aldemar, hapa umepuliza?"

"Nimepuliza sana," mume akajibu kwa fahari. "Hapo ndipo palipong'aa kuliko pote."

Hasira ilimpanda Deyanira mpaka masikio yakawaka, na nyuma ya hasira kulikuwa na machozi. Mtu ameamka alfajiri kwa ajili yako, utamfanya nini? Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba diski hiyo ndiyo inayokamatwa na pedi gurudumu lisimame, na ukiipaka mafuta ni sawa na kumwambia mtu ashike sabuni iliyolowa. Tena pedi zake mpya zimeshayanywa mafuta hayo, hazifai tena. Kisha akaona cheni. Aldemar alikuwa ameikaza kama uzi wa gitaa, maana aliona inaning'inia, akadhani mbele ya Bikira ni utovu wa adabu. Cheni ya namna hiyo, wakipanda watu wawili na kukutana na shimo, inakatika. Aldemar akakunja tambara lake, akalitia mfukoni.

Pedi zilikuwepo, zile za kopo la kahawa. Aldemar alikwenda kuzileta mwenyewe na hakutania kitu. Iliyobaki ilikuwa spiriti ya kuosha diski, na maduka yote yalikuwa yamefungwa, watu wako kanisani. Chupa pekee ilikuwa ya Mama Eduvigis. Ile ni ya kumsafishia Bikira uso. Haikuguswa hata siku Aldemar, akiwa mdogo, alipochanika goti akalia ua mzima.

"Mama, sikuombi upande. Nenda na Gilberto, sina kinyongo. Nakuomba ile chupa tu, kwa sababu kesho nitabeba watoto wa watu, na hivi ilivyo siwezi."

Bibi akamtazama Bikira usoni, kana kwamba anamwomba ruhusa.

"Yeye leo ameshanawa," akasema, akaitoa chupa kwenye kikapu.

Deyanira akaiosha diski pande zote kwa kitambaa safi, akabadilisha kitambaa, akaosha tena mpaka hakikutoka na doa. Pedi za zamani akazisugua kidogo kwa msasa, akazifunga, akawa anabana na kuachia breki ya mkono, anabana na kuachia, mpaka ikawa ngumu. Bibi alisogeza kiti chake karibu, akawa anauliza kama askari wa kizuizi cha barabarani: hiki ni nini, na kile kwa nini umekiacha. Kila jibu alilipokea kwa mguno.

Ikaja zamu ya cheni. Deyanira akalegeza nati za nyuma, akairudisha mahali pake, lakini akasema cheni hupimwa vizuri ikiwa na mzigo wake. Aldemar akajitolea kukaa. Mkewe akamwambia uzito wake unafaa kupimia trekta.

Mama Eduvigis aliinuka, akakunja gauni, akapanda kwa nyuma na Bikira kifuani. "Pima basi, dereva."

Cheni ikacheza kama inavyotakiwa. Deyanira akakaza nati, akapanda mbele, akabana breki ya mkono, akamwambia mumewe asukume. Aldemar akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Pikipiki haikusogea hata unywele. Bibi akacheka, kicheko ambacho ua ule ulikuwa haujakisikia siku nyingi, na wala hakuuliza tena Gilberto yuko wapi. Alishuka kwa muda mfupi tu, ili Deyanira akazunguke mtaani kuzizoesha pedi.

Wakapanda hadi kanisa la juu, maandamano yakaanza. Kutoka pale barabara inashuka Mteremko wa Kuketi, unaoitwa hivyo kwa sababu punda wakifika pale huketi. Bendi ilitangulia kwa miguu, Deyanira akafuata amembeba bibi na Bikira wake, na nyuma yao pikipiki za kijiwe kizima, puto na honi, zinang'aa mpaka macho yanauma. Katikati ya mteremko mpiga ngoma kubwa akasimama ghafla kufunga kamba ya kiatu.

Deyanira akabana breki. Pikipiki ikasimama, taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Utepe wa Bikira haukutikisika.

Nyuma yake wakabana wengine. Kumbe Aldemar hakuwa peke yake. Waume wema na vijana wapenda sifa walikuwa wamepuliza diski zao mji mzima. Wakaanza kumpita, mmoja kulia, mwingine kushoto, miguu ikikwaruza lami, macho yamewatoka. "Samahani, Deyanira," akasema wa kwanza akiteleza. "Kwaheri, Deyanira," akasema wa pili. Bendi ikaruka pembeni. Wote wakaenda kujirundika chini, kwenye magunia ya maganda ya kahawa yaliyopangwa kuzunguka jukwaa, na padri, alipoona hakuna aliyeumia, akawarushia maji ya baraka pale pale walipolala.

Mteremko ukabaki na pikipiki moja tu katikati, wanawake wawili na Bikira. Deyanira alisubiri bibi aseme neno. Alihisi mkono mmoja wa mkwewe ukimzunguka kiunoni, ukashika.

"Twende, mwanangu," akasema Mama Eduvigis. "Na mwakani nikumbushe ninunue chupa kubwa."