Goli la Øystein

Øystein Tveranger alikuwa beki wa kati wa timu yetu ya Skarvnes tangu mimi nikiwa bado najifunza kudaka. Fundi bomba, miaka thelathini na tisa, magoti yamefungwa bandeji kila mechi, na hakuwahi kufunga goli hata moja katika timu ya wakubwa. Hata mkewe alimtania.

Juni tulikuwa nyumbani na Storlia, sare ya goli moja kwa moja, mpira unaelekea kuisha. Kona ikapigwa, ikamgonga Øystein kwenye paji la uso, ikaingia. Sidhani kama aliuona mpira. Alisimama palepale akauliza, "Nani kafunga?" Tukamrukia wote. Hata mimi kipa nilikimbia uwanja mzima.

Pointi zile tatu ndizo zilizotuweka juu ya Bergsvåg, na katika daraja la nne timu mbili za mkiani hushuka. Septemba ilipokuwa inaisha tulijiona salama. Zilibaki mechi tatu, ya mwisho ugenini Storlia.

Ndipo msimu wa kuwinda elgi ukafunguliwa. Huyo ni mnyama wa msituni, mrefu kuliko farasi, na huku kwetu kuna wanaume wangemwacha bibi harusi kanisani kwa ajili yake. Sisi nasi tuna wawindaji. Wetu walitoka msituni Jumamosi asubuhi, wakacheza, wakarudi. Wa Storlia hawakutoka. Walikosa mechi moja, wakakosa ya pili, na chama cha soka cha mkoa kikawafuta kwenye ligi pamoja na matokeo yao yote ya msimu.

Bergsvåg, waliokuwa wamefungwa na Storlia, hawakupoteza kitu. Sisi tuliowafunga Storlia tukapoteza pointi tatu. Tukashuka pamoja na Storlia.

Kocha wetu, Ragnvald, alipiga simu kwenye chama mbele yetu, sauti tukaisikia wote.

"Wao ndio hawakuja uwanjani," alisema. "Mbona tunaadhibiwa sisi?"

"Hamjaadhibiwa," bwana wa chama akajibu kwa upole. "Msimamo umebadilika tu. Mechi zile zinahesabiwa kuwa hazikuchezwa."

Øystein akainamia simu. "Hazikuchezwa vipi? Mimi nilifunga goli, bwana."

"Goli nalo limefutwa. Pole sana."

Ule upole ndio ulionichoma. Angetutukana ningevumilia.

Jumamosi ya mechi ile isiyokuwepo, Øystein alisema tu, "Mimi naenda," nasi tukapanda kivuko naye, timu nzima, tumevaa jezi. Geti la Storlia lilikuwa na kufuli. Mwenyekiti wao, Halvard, akaja na buti za kuwindia, damu imemkaukia kwenye mkono wa koti.

"Jamani, mechi hakuna. Hamkuambiwa?"

"Tumeambiwa," Ragnvald akasema. "Vijana wako wako wapi?"

"Si mnajua wenyewe. Mwaka huu elgi ni wengi." Akacheka, akingoja tucheke naye. "Subirini, niwape nyama mrudi nayo."

"Nyama," Øystein akasema. "Umenifutia goli langu la pekee, unanipa nyama."

"Aa, Øystein, hili ni daraja la nne. Tunacheza kujifurahisha tu."

"Labda wewe. Mimi nimechomwa sindano za magoti msimu mzima ili nisiwaangushe wenzangu. Na wewe umeshindwa kukusanya watu kumi na mmoja."

Halvard akatazama chini. Hakuomba radhi.

Tukaruka uzio, tukajigawa, tukacheza wenyewe kwa wenyewe kwenye mvua ya baridi. Halvard akasema ataita polisi. Ragnvald akamwambia aite. Hakuita, akaingia kwenye gari lake akaondoka. Kona moja ya upande wa Øystein ilipopigwa nilitaka kumwachia afunge. Akaona nilivyolegea.

"Daka sawasawa," akanifokea. "Usinionee huruma."

Nikaudaka.

Mwaka uliofuata tulipangwa daraja la tano, kundi moja na Storlia. Øystein, aliyekuwa ameaga kwamba anastaafu, alifika mazoezini siku ya kwanza. Nilipomuuliza habari za magoti alisema, "Yanauma," akaenda kukimbia. Mei, Storlia wakaja kwetu, kikosi kamili. Kabla ya mechi Halvard akaninyooshea mkono. Sikuupokea, wala sijutii.