Rangi Chini ya Nati

Paa la ghala liliporomoka siku ya mapumziko, bahati nzuri ndani hamna mtu, na kabla vumbi halijatulia kila mdomo ulikuwa na jibu: fundi kachomelea ovyo. Fundi mwenyewe ni mjomba wangu, na mimi ndiye mhandisi wa ukaguzi. Nilimweleza bosi undugu wetu mapema. Akanijibu, "Basi niletee ushahidi nitakaouona kwa macho yangu. Utetezi wa ndugu sitaki."

Siku tatu nikatambaa juu ya kenchi za chuma zilizopindana, magoti yamechubuka, nikikagua kila mahali alipounga mjomba. Hakuna ufa hata mmoja! Niliona fahari mpaka nikawa nacheka peke yangu. Kilichoachia ni viungo vya bolti. Nati zilikuwa zimefunguka zenyewe kwa kutikiswa na upepo. Moja iliyobakia niliifungua kwa vidole tu, bila spana. Nikaigeuza, nusura niteleze kwa furaha.

"Bosi! Njoo uone! Rangi!"

Akaja anahema. Upande wa chini wa nati, ambako kama ingekuwa imekazwa rangi isingepata upenyo, palikuwa na rangi ya kijivu, imekauka vizuri kabisa.

"Walipaka kabla hazijakazwa," akasema.

"Na wa kukaza alipopita akaona zimepakwa, akadhani zilishakazwa!"

Ndivyo tulivyo kwenye kazi hii. Rangi huja mwisho, na chuma kilichopakwa hakuna anayekigusa tena.

Bosi akanipa mkono. Nikatoka mbio na ile nati hadi getini, ambako mjomba alikuwa amesimama tangu asubuhi, kofia mkononi, walinzi wakimtazama kama mwizi wa kuku. Nikammwagia yote kwa pumzi moja, nikisubiri anikumbatie. Yeye akaichukua nati, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Mafundi rangi waliniuliza," akasema. "Msimamizi hakuwepo, wakaja kwangu: fundi, tupake? Nilikuwa na haraka zangu. Nikawaambia pakeni."

Furaha yote ikaniishia miguuni.

"Mjomba, hilo hajalisikia mtu."

"Umelisikia wewe." Akanirudishia nati. "Andika. Ila na lingine uliandike, mpwa wangu: kuchomelea najua."

Nikafungua daftari pale pale getini, nikaandika yote mawili. Nilianza na lile la rangi.