Mto Wenye Namba Tatu

Majibu matatu yalikuwa juu ya meza ya Ndugu Chenge, na yote yalimalizika kwa maneno yale yale: hatuna pingamizi. Kemilembe Rugemalira aliyasoma akiwa amesimama. Kisha akayasoma tena, safari hii akitazama mistari ya juu, pale kila ofisi ilipotaja ilichoulizwa.

"Keti basi," alisema Chenge. "Mbona unasoma kama umeletewa barua ya msiba?"

Chenge alikuwa mkuu wa Kituo cha Vipimo vya Mito, Mwanza. Kemilembe alikuwa mtaalamu wake wa maji, mwaka wa tatu tangu amalize chuo. Ilikuwa Jumatatu ya pili ya Juni 1976, na josho jipya la mifugo nyuma ya vilima vya Buhongwa lilikuwa lifunguliwe siku ya Saba Saba mbele ya wageni wa mkoa. Kabla halijajazwa dawa ya kupe, kituo kilipaswa kuchunguza mito ya karibu na kuomba maoni ya ofisi za umma zinazohusika. Uchunguzi aliufanya Kemilembe. Barua za kuomba maoni alizituma Chenge, wakati Kemilembe yuko Musoma kusoma vipimo.

"Mzee, ofisi ya mifugo umeiuliza kuhusu Ng'washa peke yake."

"Josho liko Ng'washa."

"Ya kilimo umeiuliza kuhusu Bugere. Ya afya, Aora Matin."

"Bugere wanataka kulima mpunga. Aora Matin watu wanakunywa. Kila mtu ameulizwa kinachomhusu. Kosa liko wapi?"

"Huo ni mto mmoja."

Chenge alivuta daftari la mito, akalifungua mahali palipokuwa tayari pamewekwa kipande cha karatasi, akaligeuza limwelekee. Namba 14, Ng'washa, kijito. Namba 15, Bugere, kinamasi. Namba 17, Aora Matin, kijito. Mwandiko ulikuwa wa karani wa mwaka 1953.

"Daftari linasema mito mitatu," alisema. "Mimi na wewe tumelikuta daftari."

Kemilembe alilijua daftari hilo, na alijua lilivyopotea njia. Mpimaji wa kikoloni alipita huko mwezi wa Agosti. Juu, wafugaji wa Kisukuma walimwambia kijito chao kinaitwa Ng'washa. Katikati, kwenye mafunjo, wakulima walimwambia Bugere. Chini, wavuvi wa Kijaluo waliohamia kutoka Mara walimwambia Aora Matin, yaani mto mdogo. Hakuna aliyemdanganya. Kila kundi lilitaja kipande linachokitumia, na mpimaji akaandika vipande vitatu kama mito mitatu. Kwa kuwa mwezi wa Agosti mchanga mkavu hutokeza kati ya mafunjo na kijito cha chini, hakuona sababu ya kuuliza zaidi.

Kemilembe alikwenda mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha. Mzee Zadok Okumu, msoma vipimo wa kituo, alimwaga rangi ya kupimia maji mbele ya josho siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Rangi hiyo ni unga mwekundu ambao ukiingia majini hugeuka kijani kikali. Kemilembe aliisubiri kilomita kumi na moja chini, kwenye gati la kuchotea maji la kijiji cha Nyabugoro. Kijiji kilikuwa na kaya mia mbili na kumi na nne, zilizohamishiwa hapo mwaka 1974. Rangi ilifika Jumanne saa nane mchana. Saa thelathini na mbili.

Wanawake waliokuwa wakichota waliinua ndoo zao. Mmoja wao, Agutu, aliyekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, alimgeukia.

"Mama, hii rangi yako ina sumu?"

"Haina. Ingekuwa nayo nisingeimwaga."

"Na dawa ya josho?"

"Ile ina sumu. Imetengenezwa kuua kupe."

"Na ile nayo itafika hapa saa nane?"

"Wakifungulia bomba saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo."

"Basi waambie hao wakubwa waje wanywe chai kwetu saa tisa," alisema Agutu, na wenzake wakacheka, ingawa si kwa muda mrefu.

Mchoro wa josho ulikuwa na bomba. Kila baada ya miezi michache dawa iliyochakaa ilikuwa ifunguliwe, lita elfu kumi na tano, iingie Ng'washa. Jambo hilo Kemilembe alilieleza kwenye ukurasa wa tisa wa taarifa yake, pamoja na ramani na saa za rangi. Ukurasa huo haukupelekwa kwenye ofisi yoyote.

"Weka saini hapa," alisema Chenge, akimsogezea karatasi yenye sentensi moja iliyopigwa taipu: Ofisi zote za umma zilizoshauriwa zimeridhia. "Alhamisi tunakutana nao, tunafunga jalada."

"Sisaini."

"Kemilembe."

"Hazikushauriwa, mzee. Ziliulizwa maswali matatu ambayo hayakutani popote."

Chenge alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake haikupanda. "Sikiliza, binti yangu. Mkoa umetangaza tarehe. Ng'ombe wanakufa kwa ndigana ya kupe. Wewe ulitia rangi kwenye maji ya wananchi bila kibali cha wilaya. Hilo nimelinyamazia tangu Aprili. Unataka niache kulinyamazia?"

Hilo lilikuwa kweli. Alikiarifu kijiji siku tatu kabla, lakini kibali cha wilaya hakuomba, kwa sababu kingetoka mvua zikiwa zimekwisha.

"Usilinyamazie," alisema. "Nilitia rangi bila kibali. Na mto ni mmoja. Yote mawili ni kweli."

Akatoka, akashuka hadi masijala.

Masijala ilikuwa chini ya Renatha, mwanamke wa Kamachumu mwenye wino wa rangi mbili na msimamo mmoja. Kila karatasi iliyoingia kwenye jalada aliipa namba kwa wino mwekundu, juu pembeni, na kuiandika kwenye orodha. Karatasi isiyo na namba ilikuwa karatasi tu. Mtu angeweza kuifungia maandazi. Yenye namba ilikuwa ya serikali. Kuiondoa kulitaka jina la aliyeagiza na sababu yake. Tena, siku moja kabla ya kikao, tarishi alilizungusha jalada kwa kila ofisi iliyoalikwa, na kila ofisa alitia herufi za jina lake kwenye karatasi ya mwisho kuonyesha kwamba amelisoma.

"Hii ni sehemu ya taarifa ya uchunguzi," alisema Kemilembe, akiweka ukurasa wa tisa na ramani mezani. "Iliachwa nje."

Renatha aliutazama. "Mkuu anajua?"

"Anajua upo. Hajui uko hapa."

"Dada, unatafuta uhamisho."

"Sheria ya masijala inasemaje?"

"Sheria inasema taarifa ya uchunguzi huingia nzima." Renatha alichovya kalamu. "Haiulizi nani anapenda." Akaandika 31 kwenye ukurasa na 32 kwenye ramani.

Chenge aliziona Jumatano asubuhi, jalada likiwa karibu kutoka. Alishuka nalo mwenyewe mpaka masijala.

"Renatha, hizi mbili zitoe."

"Sawa, Ndugu Mkuu." Alifungua orodha, akashika kalamu. "Nimeagizwa na nani? Niandike jina lako kamili au cheo tu?"

Chenge alitazama ncha ya kalamu.

"Na sababu?"

Tarishi alikuwa amesimama mlangoni na baiskeli yake. Chenge alilifunga jalada, akalitazama jalada lenyewe kana kwamba ndilo lililomkosea, akampa tarishi.

"Nenda," alisema. "Mbona umesimama?"

Alhamisi walikaa watano kwenye chumba cha ramani: Chenge, Kemilembe, Mhoja wa mifugo, kijana wa kilimo ambaye muda wote aliandika, na Mutayoba wa afya, mtu mkimya aliyekuwa akikaribia kustaafu. Herufi za wageni wote watatu zilikuwa kwenye karatasi ya 32.

Mhoja alianza kabla hajaalikwa. "Ndugu mwenyekiti, niliulizwa kuhusu Ng'washa. Ng'washa hakuna kijiji. Nikajibu ukweli. Leo naletewa ramani yenye mstari wa kijani."

"Na mimi Bugere," alisema kijana wa kilimo. "Bugere hakuna anayekunywa."

Mutayoba alitikisa kichwa taratibu. "Aora Matin hakuna josho."

"Wote mlijibu ukweli," alisema Kemilembe. "Ndiyo maana majibu yenu hayafai."

Mhoja alicheka. "Msikieni! Dada, una hakika wale akina mama hawakuwa wanafua khanga mpya?"

"Khanga ikichuja, inachuja dakika chache. Mimi nilichota chupa kila nusu saa, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Chupa tisa. Ziko kabatini nyuma yako. Ya nne ndiyo kali kuliko zote. Zifungue."

Mhoja hakugeuka. "Ninachosikia mimi ni mtu anayepinga josho. Mkoa umesema majosho. Chama kimesema majosho. Wewe unasema rangi."

Kijana wa kilimo aliacha kuandika. Mwaka huo maneno kama hayo yalikuwa yanatosha kumtoa mtu kazini, na kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo.

"Sipingi josho," alisema Kemilembe. "Josho ni zuri na limejengwa vizuri, kuta nilizipima. Napinga bomba, lenye kipenyo cha inchi nne na urefu wa mita ishirini na mbili. Kama Chama kilitoa agizo juu ya bomba hilo, lilete, tulipe namba liingie kwenye jalada. Kama hakikutoa, usikitumie kunitisha."

"Kemilembe," alisema Chenge.

"Ninajibu hoja, mzee."

"Unafokea wageni."

"Sijafoka. Nimetaja vipimo." Akamgeukia Mutayoba. "Mzee, swali lako liliandikwa vibaya. Naliandika upya. Lita elfu kumi na tano za dawa ya kupe zikifunguliwa juu, na maji ya juu yakifika kwenye gati la Nyabugoro kwa saa thelathini na mbili, ofisi ya afya ina pingamizi au haina?"

Mutayoba hakuharakisha. "Kijiji kina kisima?"

"Kimoja. Kilikauka Septemba mwaka jana."

"Nani alithibitisha?"

"Mimi. Nilishusha kamba yenye jiwe. Lilirudi kavu."

"Na kiangazi, mchanga unapokatiza mto?"

"Maji hupita chini ya mchanga, polepole zaidi. Sijui ni kwa siku ngapi. Sijapima, kwa hiyo sikuandika."

Huenda jibu hilo la mwisho, la kutojua, ndilo lililomgeuza Mutayoba. Alivuta karatasi, akaandika mistari mitatu kwa mkono na kuweka saini. Kisha akaisoma kwa sauti: barua yake ya awali ilihusu namba 17 peke yake; kwa maji yanayotoka kwenye josho, ofisi ya afya ina pingamizi, mpaka dawa iliyochakaa ipelekwe kwenye shimo lililojengewa, mbali na maji.

"Mutayoba, Saba Saba ni wiki tatu!" alisema Mhoja.

"Basi anzeni kuchimba," alisema Mutayoba. "Mimi siku hiyo nitakuwa nyumbani Muleba. Sitakunywa maji yenu."

Mhoja alinung'unika kuhusu saruji, vibarua na watu waliosoma sana. Lakini aliuliza shimo liwe na kina gani, na Kemilembe alipomwambia mita nne, aliandika nne.

Wageni walipoondoka, Chenge alibaki kwenye kiti chake. Ile karatasi ya sentensi moja ilikuwa bado mbele yake. Aliichana katikati, bila hasira, akaweka vipande mfukoni.

"Nitaandika barua ya uhamisho," alisema. "Unaelewa kwamba sina njia."

"Naelewa una njia. Iandike tu."

"Tunduru, labda. Au Mpanda."

"Popote penye mto. Ila andika sababu iliyo kweli, mzee: nilitia rangi majini bila kibali. Ukiandika kwamba vipimo vyangu vilikuwa na kosa, nitakata rufaa, na nitaomba mbele ya kamati zile chupa tisa zifunguliwe moja moja, wewe ukiwapo."

"Na wageni wa Saba Saba? Nitawaonyesha nini?"

"Josho. Ng'ombe wataogeshwa siku shimo litakapokamilika."

"Watauliza kwa nini ni tupu."

"Utawajibu. Wewe unajua kwa nini."

Chenge alipangusa miwani kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ungekuwa mwanangu," alisema, "ningekuchapa."

"Ningekuwa mwanao ningekuwa nakunywa maji ya bomba la mjini."

Barua ilifika siku ya tisa baada ya kikao. Ilitaja Mpanda, na ilitaja kibali cha wilaya. Juu ya vipimo haikuandika neno. Kemilembe aliisoma mlangoni mwa nyumba yake Pasiansi, akaikunja, akapanda Landrova ya kituo pamoja na Mzee Zadok.

Kwenye josho walikuta watu wapatao arobaini wa Nyabugoro. Walitembea kilomita kumi na moja na majembe yao, bila kuitwa na ofisi yoyote. Agutu alikuwa ndani ya shimo, udongo hadi kwenye magoti.

"Mama, tumefika mita tatu," alipiga kelele kutoka chini. "Huyu fundi wa mifugo anasema zinatosha!"

Fundi alisimama ukingoni, mikono kiunoni. "Zinatosha, dada. Mita moja ni nini?"

Kemilembe alichukua kamba ya kupimia kutoka kwa Zadok, akaishusha, akasoma.

"Mbili na sentimita themanini," alisema. "Chimbeni."