Dele la Laki Mbili na Ya Kutolea

Tangu mfungo wa mwaka jana, Mzee Nurudini alikuwa na swali moja tu. Akishaswali alasiri, akaketi mkekani barazani na kunyoosha miguu, huuliza, "Faudhia, dele mmeliweka wapi?" Alikuwa haoni tena, presha ya macho ilikwishammaliza, ila kichwa kilikuwa kizima kabisa. Alijua vizuri kwamba dele lake la kahawa lilipotea walipohama duka la zamani hapo Kasulu mjini, na kwamba ni miaka kumi na tisa sasa. Aliuliza hata hivyo. Na Faudhia, binti yake, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye duka lake la vitenge, kila siku alimjibu, "Tunalitafuta, baba."

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akilitafuta. Lakini Faudhia naye alilikumbuka, tena sana. Lilikuwa dele la shaba, tumbo kubwa, shingo nyembamba, ambalo babu yake alilibeba kutoka Pangani alipokuja bara kutafuta maisha. Enzi hizo mtu akiingia dukani kwa Nurudini hakuulizwa anataka nini. Aliketishwa kwenye benchi, akamiminiwa kahawa. Wakulima waliotoka Rungwe Mpya alfajiri na maharage yao, vumbi hadi kwenye kope, walikunywa kikombe kimoja, wakanywa cha pili, wakaulizana habari za mvua na za wagonjwa, ndipo mmoja akakumbuka kwamba alifuata mafuta ya taa. Faudhia, wakati huo mtoto wa kuosha vikombe, alidhani duniani kote watu hununua vitu namna hiyo.

Jumatano moja, dukani hakuna mteja, alikuwa akipitisha kidole kwenye kundi la kuuza na kununua mtandaoni, likatokea. Kochi, jiko la gesi, godoro, na kando yake dele la shaba. "Mwalimu anahama. Murungu, Kibondo. Dele laki mbili." Faudhia aliikuza picha mpaka ikawa ukungu mtupu. Tumbo ni lile, shingo ni ile. Alilia pale pale nyuma ya majora ya vitenge, na wala hakuona haya.

Akapiga simu. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Mwalimu Loyce, kwao Njombe, amefundisha Murungu miaka minne na sasa amepata uhamisho. Gari la mizigo lingemfuata Ijumaa asubuhi.

"Laki mbili hiyo haipungui, mama," alisema. "Kuna mtu wa Dar wa kupamba hoteli naye analitaka. Ila wewe ukiwahi, ni lako."

"Sina haja ya kupunguziwa, mwanangu. Nakutumia sasa hivi, na ya kutolea juu."

"Usinitumie kwenye simu. Nilishalizwa na meseji feki mimi. Lipia humo humo mtandaoni. Wanaishika hela mpaka wewe ubonyeze kwamba umepokea mzigo."

Huduma yenyewe jina lake tuliache, isije ikatutoza kwa kuitaja. Iliandika kwa herufi kubwa za kijani kwamba kulipa ni bure na mtu asiwe na wasiwasi. Faudhia akaamini, akafika kwenye kisanduku cha kujaza kiasi. Laki mbili tupu ilimkaa vibaya. Kwa watu wa nyumba ile, kumtumia mtu pesa bila ile ya kutolea, ada ya wakala, ilikuwa kama kumwita mgeni aje kula halafu umwambie aje na sahani yake. Hata zamani, kabla ya simu, Mzee Nurudini alipowapa makondakta wa basi bahasha za kuwapelekea watu wa Kibondo, aliongeza nauli ya mpokeaji ya kufuata bahasha stendi. Basi Faudhia akaandika laki mbili na elfu sita, roho ikatulia. Meseji ikaingia kwamba amelipa kikamilifu.

Jioni simu ikalia. "Mama Faudhia, mbona huku naona laki moja na themanini na tisa na mia tano na ishirini?"

"Haiwezekani. Nimetuma laki mbili na sita."

"Ninaisoma hapa, mama."

Faudhia hakubishana. Alidhani amekosea kubonyeza, kama watu wa umri wake wanavyoambiwa kila siku na watoto wao. Akaongeza elfu kumi na moja, ipite hata kwa kuzidi kidogo. Upande wa Murungu zilifika elfu sita. Sasa yeye alikwishatoa laki mbili na elfu kumi na saba, na mwalimu bado hajaona laki mbili.

Safari hii sauti ya Loyce ilikuwa baridi. "Mama, kama ulitaka nikupunguzie ungesema tu. Mchezo wa kunivuta kidogo kidogo siupendi. Kesho jioni nitampa wa Dar." Akakata.

Pesa haikumuuma Faudhia kama maneno yale. Binti wa Nurudini kuonekana mpunjaji! Usiku kucha aligeuka kitandani, na asubuhi ya Alhamisi akapiga kufuli duka, akaenda kumuaga baba yake. Hapo ulimi ukamteleza. Alisema anakwenda Kibondo kwa habari ya dele.

"Limeonekana?" Mzee aliuliza, akainuka nusu kutoka mkekani.

"Limeonekana, baba."

Mzee Nurudini akainua viganja vyote viwili, akaomba dua ndefu kimyakimya. Faudhia alisimama pale na mkoba wake begani mpaka ikaisha, akijua kwamba sasa hawezi kurudi mikono mitupu.

Siku hizi kuna lami, na kabla ya adhuhuri alikuwa Murungu. Alimkuta Loyce uani katikati ya maboksi, msichana mwembamba wa miaka thelathini hivi, kitambaa kichwani, macho mekundu kwa vumbi la kufunga mizigo.

"Mwakeye, mama," akasalimu kwa Kiha alichofundishwa na wanafunzi wake. Kisha akamjua ni nani, uso ukajikunja.

"Mwakeye neza, mwalimu. Sikuja kugombana. Lete simu yako tuiweke hapa na yangu."

Wakaziweka mbili hizo juu ya boksi la vitabu, wakainama. Ya Faudhia ilisema amelipa kikamilifu. Ya Loyce ilisema mnunuzi ametuma kiasi pungufu. Zote mbili zilisema kwa rangi ya kijani. Loyce, kwa kuwa ni mwalimu na hakubali kitu mpaka asome mpaka chini, akashuka na kidole mpaka kwenye maandishi ya kijivu, madogo kama mayai ya chawa, akayasoma kwa sauti. Asilimia nane hukatwa kwenye kila malipo kabla ya kumfikia muuzaji, isipungue elfu tano.

"Kwa hiyo hata ile ya kutolea wameikata," Faudhia alisema.

"Wameikata. Na ulipoongeza wakakata tena." Loyce alijifunika uso kwa kitambaa. "Nisamehe, mama. Nilikuona tapeli."

"Na mimi njia nzima nilikuwa nakuita mlafi. Tumelipana."

Wakacheka, wakacheka sana, mpaka Loyce akaketi juu ya godoro lililokunjwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na dele. Alikuwa akilitumia kuwekea maua, na lilinuka majani yaliyooza kidogo. Faudhia akalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa na uzito ule ule. Akaligeuza, akapitisha kidole pale mdomo unapoungana na tumbo.

Dele la baba yake lilikuwa na lehemu mahali hapo. Lilimponyoka Faudhia mwenyewe mwaka alioanza shule, mdomo ukabanduka, na fundi mmoja wa Kasulu akaubandika vibaya, likabaki donge nene kama alama ya chanjo. Kila aliyemimina kahawa kidole gumba chake kilipumzika juu ya donge lile. Hapa palikuwa laini. Alipitisha kidole tena na tena, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Ulilipata wapi hili, mwalimu?"

"Tabora, nikiwa chuo. Nililinunua kwa mama mmoja wa Kiarabu."

"Basi silo." Faudhia alisema. "La baba lilipotea Kasulu. Silo hili."

Loyce akachukua simu. "Tughairi, mama. Mimi siwezi kukuuzia kitu ulichokifuata kwa machozi halafu sicho." Wakasoma, safari hii maandishi madogo kwanza. Kughairi kulikuwa na ada yake, elfu kumi na tano, na pesa kurudi baada ya siku saba.

Faudhia hakuiwaza ile elfu kumi na tano. Aliviona viganja vya baba yake vikiwa juu, wazi. Akachukua simu yake, akabonyeza Nimepokea kabla moyo haujamgeuka. Halafu akafungua mkoba, akatoa noti ya elfu tano.

"Hiyo si deni lako," Loyce alisema. "Ni yao hao wamekula."

"Mimi na wewe tulipatana laki mbili mkononi mwako. Pokea, mwanangu, uende salama."

Alifika nyumbani jua likielekea magharibi. Mzee alikuwa barazani, amevaa kanzu safi, na benchi la wageni limetolewa nje ingawa hakuna mgeni. Faudhia akamwekea dele mapajani, akaketi karibu, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa utotoni.

Mzee Nurudini alianza na kifuniko. Akashuka shingoni, akalizunguka tumbo, taratibu, kama anavyoshikwa uso mtu aliyerudi safari. Kidole gumba kikapanda kwenye mdomo wa dele, kikafika pale, kikasimama. Kilikaa hapo muda mrefu. Faudhia aliuona uso wa baba yake ukitulia, na mkono wa pili ukitafuta wake.

"Umelipa ngapi?" aliuliza.

"Laki mbili, baba. Basi."

"Umesumbuka sana."

"Sikusumbuka, baba."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kidole gumba bado kipo pale pale kwenye shaba laini. "Aliyelitengeneza hapa baada ya mwanangu kuliangusha," akasema, "alikuwa fundi kwelikweli. Hata alama siioni."

Faudhia akaushika mkono wake, akasema ndiyo, alikuwa fundi.