Posa ya Mazoezi

Laurian, mtoto wa jirani yetu hapa Kanazi, alirudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akisomea filamu, kalamu sikioni na maneno mengi mdomoni. Alitaka kutengeneza filamu fupi ya mtihani wake: harusi katika kijiji cha ujamaa. Kamera ingekuja baadaye na gari la chuo, kwanza tujiandae. Mimi, Clotilda, nikawa bibi harusi. Bwana harusi akawa Minani, mgane mwenye ng'ombe na kikohozi. Nilikubali kwa sababu ni mchezo. Januari nilikuwa naenda kusomea ualimu, basi!

Laurian alichora misalaba ya majivu uani kwetu, kila mtu na pake pa kusimama. "Nikisema 'kata', kila mtu anarudi kuwa yeye mwenyewe," alitufundisha. Kumbe ujuzi ulikuwa umempanda kichwani. Siku ya mazoezi hakutaka chungu cha maji kiigize pombe ya posa. Alimwambia Minani alete pombe ya ndizi ya kweli. Minani akaleta, na wazee wa ukoo wake juu. Baba akashika mrija, akanywa mbele ya wote, akasema, "Nimepokea."

"Kata!" akasema Laurian, akicheka.

Wazee hawakucheka. Mzee Ntirampeba, mjomba wa Minani, alifuta mdomo taratibu. "Pombe ya posa ikishanywewa haitapikwi," alisema.

"Shikamoo mzee, lakini haya ni mazoezi!" nikasema kwa hasira.

"Marahaba, mkwe wangu."

Baba alijua amenaswa, ila aibu ilimziba mdomo. Aliponifuata jikoni alisema, "Vumilia, mwanangu. Filamu ikionyeshwa, wataona wenyewe kuwa ni mchezo. Hapo nitarudisha chungu cha watu bila ugomvi."

Basi nikawa mtumwa wa filamu ile. Nilifagia uwanja, nilishona nguo, mvua ikifuta misalaba nilirudishia majivu. Gari likinguruma barabarani, nilitoka mbio. Minani naye akaanza kumwita mama yangu "mama mkwe". Nilitamani kumrushia mwiko.

Kisha vita vikaja. Magari yakachukuliwa kwenda mpakani, la chuo pia. Laurian akaitwa kujiunga na mgambo, akaja kuniaga uso chini.

"Nisubiri nirudi, filamu tutaipiga tu."

"Nisubirie wapi, Laurian? Jikoni kwa Minani?"

Akageuka, akaenda zake. Mungu amsamehe, mimi bado.

Minani hakungoja vita viishe. Januari, wenzangu wakipanda basi la kwenda chuo, yeye aliingia uani kwetu na jembe la mahari na watu wake. Kila mmoja alijua pake, maana tulifundishwa tukafundishika. Nikasimama kwenye msalaba wangu wa majivu, niliourudishia kwa mikono yangu. Nikamtazama baba, akatazama chini.

Nikangoja mtu aseme "kata". Wakapiga vigelegele.